Maua ya Mifuko ya Saruji

Nyumbani kwa Emiliana, kule Nzuguni, Dodoma, tonge haliingii mdomoni kabla kila mtu hajasema anashukuru nini kwa siku hiyo. Na si shukrani za kubahatisha. Ukisema "nashukuru kwa yote" unarudishwa kama mtoto aliyekosea hesabu, maana neno "yote" Emiliana alishalipiga marufuku. Taja kitu, taja mtu. Nashukuru maji yametoka saa nne na ndoo zote zimejaa. Namshukuru baba kwa kurekebisha kitasa cha choo. Siku moja Leonard, mumewe, baada ya kufikiri sana, alishukuru kwamba mlenda haukuwa na mchanga. Shukrani ikapokelewa, ingawa mpishi alimtupia jicho la pembeni.

Sharti la pili lilikuwa kwamba iwe kweli. "Mungu hadanganywi kwa asante," Emiliana alizoea kumwambia binti yao Anitha, mwenye miaka kumi, na alilisema kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kusema uongo tangu abatizwe. Sauti hiyo ndiyo iliyokuja kumponza. Mtu akijisimika hakimu wa asante za wenzake, siku akiteleza yeye hana pa kujificha.

Aliteleza siku ya Komunyo ya Kwanza ya Anitha.

Maandalizi yalianza miezi miwili kabla. Leonard, mtunza majalada katika masjala ya ofisi moja ya serikali, alisema wamkodi mpambaji kama wanavyofanya wenzake kazini. Emiliana akakataa. Mikono anayo, akasema, na muda anao, na mtoto ni wake. Basi akaanza. Nzuguni kila ukikata kona kuna nyumba inajengwa, na jirani yake Mwanasha, mama Masudi, mwenyeji wa Kondoa, huuza chai na maandazi kwa mafundi. Kila jioni Mwanasha alirudi na mifuko mitupu ya saruji kichwani, ile ya karatasi. Emiliana aliibandua tabaka la nje lenye vumbi, akachukua lile la ndani lililo safi, akalikata petali moja moja. Nyingine alizichovya kwenye maji ya choya, yale maua makavu ya juisi, yaliyochemka zikawa nyekundu nzito, nyingine kwenye manjano. Maganda ya mahindi yakawa majani. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano, na panya wakaupenda, ikabidi maua yalale juu ya kabati.

Anitha akitoka shule alikuwa anasokota nyaya za vikonyo. Vidole vyake vikawa vyekundu hadi mwalimu wa katekisimu akamuuliza anaumwa nini. "Haumwi mtu, mwalimu," akajibu, "tunatengeneza waridi na mama." Alirudi nyumbani akiisimulia habari hiyo kama tuzo. Na Emiliana, ambaye nguo yake mpya ya mwisho ilikuwa ya Pasaka ya mwaka juzi, alijiona tajiri. Hayo alikuwa anayahisi kweli, tusimdhulumu.

Jumamosi Anitha akaenda kuungama kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alirudi akitembea polepole kama aliyebeba mayai, akasema dhambi zote amezimaliza na hataki kuongeza nyingine. Mama yake akacheka, akamwambia ajitahidi afike hata Jumatatu.

Jumapili baada ya misa wageni wakaja. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vya kukodi vimepangwa, kuku wamechinjwa na mume wa Mwanasha ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Na juu ya vichwa vya watu, kutoka nguzo hadi nguzo, waridi mia tatu na kitu, nyekundu na za njano, zikitikisika kwa upepo wa Dodoma usiochoka. Watu walikuwa wanaingia wameinua shingo. Stanley, mdogo wake Leonard, ambaye hukabidhiwa kipaza sauti katika kila sherehe ya ukoo kwa sababu hakuna awezaye kumnyang'anya, aliyasifia mapambo mara tatu kabla soda hazijafunguliwa.

Kisha akafika Bi Josephine, mkuu wa kitengo cha Leonard. Mama wa makamo, gauni la kitenge lililoshonwa kwa adabu, manukato yaliyotangulia mlangoni. Si mtu mbaya. Lieleweke hilo, maana ni rahisi kumtupia mgeni lawama za mwenyeji. Emiliana alimpokea akiwa amemshika Anitha begani, na Mwanasha akaja na jagi na beseni kumnawisha.

"Shikamoo, mama. Karibu sana."

"Marahaba, mwanangu. Hongereni jamani. Ndiyo wewe mama mwenye nyumba? Leonard hajawahi kutuleta." Bi Josephine akakinga mikono chini ya maji. "Na wewe uko ofisi gani?"

"Mimi nipo nyumbani tu."

Hilo "tu" lilimtoka lenyewe. Hajui alilitoa wapi, maana mezani kwake halikuwa likitumika.

"Aa, vizuri," akasema Bi Josephine kwa upole kabisa. "Basi unapumzika."

Unapumzika. Emiliana akaiona mikono yake mwenyewe, kucha zenye rangi ya choya zisizotoka kwa sabuni wala ndimu, akaificha nyuma ya mgongo wa Anitha. Bi Josephine alikuwa ameshainua macho juu.

"Haya, nani kawafanyia dekoresheni hii? Hii ni kazi ya mtu anayejua. Sijawahi kuona maua ya namna hii hapa Dodoma."

Anitha akafungua mdomo. Emiliana akambinya bega.

"Kuna dada mmoja wa mjini," akasema. "Tulimkodi."

Ulimi hauna mfupa. Kwa nini alisema hivyo, hata yeye baadaye alishindwa kujieleza sawasawa. Aliogopa kuulizwa maua ni ya nini, ajibu ni mifuko ya saruji, na mama yule amtazame kwa huruma. Akaona heri aonekane mke wa mtu anayeweza kukodi.

"Nipatie namba yake basi, nina mpwa wangu ana send-ofu mwezi ujao."

"Simu yangu haina chaji, mama. Nitampa Leonard akuletee."

Simu ilikuwa na chaji. Mwanasha alimalizia maji yaliyobaki kwenye jagi, akampa mgeni taulo, akaondoka na beseni lake. Anitha naye alimtazama mama yake muda mrefu, kisha akafunga mdomo.

Emiliana akamfuata Mwanasha jikoni kwa kisingizio cha kachumbari. Mwanasha alikuwa anapakua pilau na hakugeuka.

"Mama Anitha, huyo dada wa mjini mimi simjui," akasema taratibu. "Ila mifuko nilibeba kichwani mwangu."

"Mama Masudi, nilikuwa nataka..."

"Pilau inapoa. Peleka."

Akapeleka. Uso ulikuwa unamwaka. Alipita kati ya meza akitabasamu, na kila aliyemsifia mapambo alimsifia kama anamchoma sindano, maana sasa hakuweza hata kusema asante. Mara mbili alielekea alipoketi Bi Josephine, ajieleze, na mara mbili akakuta mama yule anacheka na wenzake wa ofisini, akageuza njia akaulizia soda. Uongo ni mgeni mgumu, ukishamkalisha kumwinua ni kazi.

Hapo akakumbuka neno la shukrani.

Kwa wiki mbili Anitha alikuwa amelikariri mbele ya kioo, limeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Anamshukuru Mungu, anamshukuru padri na mwalimu wake, anamshukuru baba kwa gauni. Na mwisho, kwa mwandiko mkubwa kuliko mwingine wote, anamshukuru mama aliyekata maua siku hamsini na tisa. Mtoto aliyefundishwa ataje mtu, ataje kitu, na iwe kweli, sasa atasimama mbele ya Bi Josephine aseme.

Emiliana akamwendea Stanley, akamnong'oneza aruke kipengele hicho, keki isije ikapata vumbi.

"Shemeji," Stanley akasema, "mtoto asipotoa shukrani hii itakuwa msiba. Kakae."

Basi akakaa, mwanamke aliyekuwa akiwadai watu shukrani kila jioni, akiomba moyoni kwamba leo mwanawe asahau ya kwake. Aliitambua aibu ya ombi lile huku akiendelea kuliomba.

Anitha akasimama, gauni jeupe, shela imepinda kidogo upande wa kushoto. Akasoma vizuri, kwa sauti ya kanisani. Mungu. Padri. Mwalimu. Baba na gauni. Akafika mwisho wa karatasi, akaitazama, kisha akaikunja mara mbili.

"Na mwisho," akasema, "namshukuru dada mpambaji wa mjini kwa maua haya mazuri. Alikuja jana na gari jeupe, akapamba vizuri sana. Mungu ambariki."

Makofi yakapigwa. Emiliana akashusha pumzi. Alishukuru, Mungu amsamehe, alishukuru kwa kifua kizima kwamba amepona. Nafuu ile ilikwisha hata kabla makofi hayajaisha. Gari jeupe. Hilo la gari yeye hakulisema kwa mtu yeyote. Mtoto amelitunga mwenyewe, ili uongo wa mama yake usimame vizuri.

Anitha akarudi, akakaa karibu yake, akamwegemea sikioni.

"Mama, nimesema sawa?"

Huko mbele Stanley alikuwa ameshapata moto. "Na huyo dada kama yupo hapa, jamani, asifichwe! Asimame tumpigie makofi ya kilo!"

Watu wakacheka, wakageuza vichwa huku na huku kumtafuta. Emiliana akasimama. Wengi walidhani mwenye nyumba anataka kukaribisha watu kwenye keki. Alifika mbele, akanyoosha mkono, na Stanley kwa mshangao akampa kipaza sauti.

"Hakuna dada wa mjini," akasema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, akakisogeza kipaza sauti mbali. "Maua ni ya mifuko ya saruji. Nimeyakata mimi, hapo sebuleni, na Anitha. Mama Masudi yule pale mlangoni ndiye aliyetubebea mifuko kichwani kila jioni, na leo nimemkana mbele ya macho yake. Bi Josephine, nisamehe mama, nimekudanganya. Niliona aibu. Na mtoto asilaumiwe na mtu. Amerudia tu alichosikia kwangu. Yeye hakujua."

Upepo ukalipiga turubai. Hakuna aliyepiga makofi, na kwa kweli hapakuwa na cha kupigia. Mtu mmoja alikohoa. Bi Josephine alisema "Kumbe" kwa sauti ndogo, akainua macho kwenye waridi, akayashusha kwenye sahani yake. Leonard alikuwa anatazama viatu vyake, masikio yamemwiva. Mlangoni mwa jikoni Mwanasha alisimama na taulo begani, hakutabasamu, ila hakuondoka pia. Stanley, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakukidai kipaza sauti, akawasha muziki.

Emiliana akarudi kwenye kiti chake akitembea kati ya watu walioanza kuongea vitu vingine kwa bidii. Alijiona uchi, lakini alijiambia kwamba angalau amemtoa mtoto salama.

Anitha alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye gauni.

"Mama, umesema sikujua."

"Ndiyo, mwanangu."

"Lakini mimi nilijua. Si tulikata wote?" Akajifuta kwa shela. "Nilijua si kweli. Nilisema ili usione aibu."

Neno lililomjia Emiliana mdomoni lilikuwa asante, na lilikuwa la kweli kabisa. Akashindwa kulisema, maana kitu cha kukitaja kilikuwa uongo.