Kikohozi cha Shangazi

Jumatatu asubuhi mashine ya leza ilizimika katikati ya herufi R. Ilikuwa inachonga kibao cha jina la mlangoni. Dada anayeifanyia kazi alijua shida kabla hajainama: mota hazisogei, taa ya ndani haiwaki. Pawasaplai ndogo, inayozipa mota umeme, ilikuwa imekufa.

Chumba kilikuwa na meza moja na stuli mbili. Ya pili ilikuwa ya shangazi yake, aliyemfundisha kazi, akafa mwaka juzi kwa kifua. Tangu hapo haikukaliwa na mtu. Rafuni, feni ya kuvuta moshi ilikuwa bado kwenye boksi lake. Mwenye karakana, ambaye dada na shangazi walimwita Bwana Kesho, alisema pawasaplai ile haiwezi kubeba mota na feni pamoja. Ikija kubwa zaidi, feni itafungwa siku hiyohiyo.

Ilikuja Jumatano.

Dada alichomoa plagi, akanywa chai polepole ili umeme uliobaki uishe. Pawasaplai ya mrija wa leza hakuigusa, hiyo huua. Alitaka kufunga uzi kwenye kila waya asije akachanganya: fundo moja, volti ishirini na nne; mafundo mawili, volti tano; bila fundo, waya wa kurudi. Akakuta nyuzi za shangazi zipo tayari, zimefifia, zina mafundo yaleyale. Hakuzikata. Alifunga zake pembeni.

Alifunga pawasaplai mpya, akaipima kwa mita kabla ya kuunganisha mota. Ishirini na nne kamili. Akawasha.

Mashine ilikohoa mara tatu, kikohozi kikavu, cha mwisho kirefu.

"Shikamoo shangazi," alisema dada.

Mota zilisogea kidogo kulia, zikarudi. Alivuta ile stuli ya pili karibu na mashine, akaendelea na herufi R.

Mchana Bwana Kesho alisimama mlangoni, akasikiliza.

"Huyo si shangazi yako?"

"Ndiye."

"Kumbe bado hajapona. Mwambie apunguze kukohoa wateja wakiwepo."

"Anataka feni, bosi."

"Marehemu na feni wapi na wapi?"

"Basi naitaka mimi."

"Kesho," alisema. Akatoa bisibisi mfukoni, akavuta waya kutoka pawasaplai mpya hadi nje, kwenye taa za kibao cha karakana. Ziliwaka vizuri, nyekundu na kijani. Umeme uliobaki kwa ajili ya feni ukawa umekwisha.

Baada ya hapo wateja walizoea. Wengine waliiambia mashine pole wakiwa wanasubiri vibao vyao. Dada naye hakula tena chakula cha mchana akitazama ukuta. Alimsimulia shangazi mambo ya nyumbani, na shangazi alikohoa palipostahili. Kibao kikikaa upande, alikohoa mapema, kabla mbao haijaharibika.

Ijumaa moja, moshi wa mbao ukiwa bado umetanda chumbani, dada alisikia kikohozi kifupi, kikavu.

"Pole, shangazi," alisema.

Kisha akaona plagi iko sakafuni. Alikuwa ameichomoa mwenyewe tangu adhuhuri. Kifua kilichokuwa kikiwasha kilikuwa chake.

Alishuka kwenye stuli, akafuta vumbi juu ya boksi la feni, akarudi kukaa.