Jaruba la Juu

Zamu ya Tekla ilikuwa Jumanne, saa moja hadi saa nne asubuhi. Isakwisa, mgawa maji wa skimu ya umwagiliaji, alinyanyua ubao wa mlango wa mfereji, akaandika jina kwenye daftari, akakaa ukingoni kula muhogo. Yalikuwa maji ya kwanza kufika upande huu wa Rujewa tangu kampuni ya changarawe iondoke.

Kampuni ilikuwa imechimba miaka mitatu chini ya majaruba ya mpunga. Mkataba ulisema itairudisha ardhi kama ilivyokuwa. Ilirudisha udongo, ikapitisha greda, ikajenga matuta yaliyonyooka kuliko yale ya zamani. Lakini changarawe iliyokwenda kwenye barabara haikurudi, kwa hiyo shamba la Tekla na mumewe Kasian, na yale ya majirani sita, yalikaa chini kuliko zamani, kiasi cha kifua cha mtu mzima.

Kwa majirani maji yalianguka, yakatuama, yakawa mabwawa. Kwa Tekla hayakuanguka. Yalitoka mferejini yakaenda moja kwa moja, yakatandaa hewani pale lilipokuwa jaruba la zamani, kina cha kiganja, hadi kwenye kona ambayo Kasian aliipinda mwaka aliooa ili kukwepa kisiki. Isakwisa alimaliza muhogo wake, akaandika: yamefika.

Tekla alimleta Kasian kwenye keria ya baiskeli, maana miguu yake ilikuwa imeacha kufanya kazi. Akamlaza kwenye mkeka, chini ya maji. Kasian alikuwa amelisawazisha jaruba lile kwa miaka thelathini na moja, kwa jembe na maji, kama wafanyavyo watu wa huku: unaingiza maji kidogo, unatazama udongo unapochomoza, unaukokotea palipo na shimo. Alitazama juu, kona hadi kona.

"Yamelala sawasawa," alisema.

Tekla aliazima ngazi ya fundi wa kanisa la kigango, akapanda miche. Mizizi ilishuka, ikatafuta udongo, ikaukosa, ikaendelea kukua. Anjela, jirani ambaye mpunga wake ulikuwa umeoza bwawani, alikuja kumshikia ngazi.

"Mama Saulo, mwaka huu unapanda au unaezeka?"

"Naezeka. Baba Saulo asichomwe na jua."

Ilikuwa kweli pia. Kasian alilala kwenye kivuli cha kijani, perege wakipita juu ya uso wake. Kutoka pale aliyaona magugu kwa mizizi yake, akawa anamwelekeza mkewe kwa fimbo: hapo, mama, hatua mbili kulia, hapo.

Mpunga ulipofika gotini, alikuja Andendekisye, afisa mahusiano wa kampuni, kijana mpole kutoka Mbeya. Alikuja kwa sababu Tekla na majirani walikuwa wameandika lalamiko wakitaka mashamba yote saba yajazwe udongo hadi kimo cha zamani. Aliwaamkia, akaingia chini ya jaruba, akapima kwa futi kamba. Ardhi ilikuwa imepungua mita moja na sentimita ishirini. Aliandika hivyo. Kisha akaifungua fomu.

"Mama, hapa wanauliza kama maji yanafika na mazao yanaota. Nikijibu ndiyo, lalamiko linafungwa. Nikijibu hapana, nimesema uongo."

"Andika ardhi iko chini."

"Nimeandika pembeni. Fomu haina swali hilo."

Kasian alijiinua kwa kiwiko. "Mwanangu, haya maji hayajaletwa na kampuni. Hii ni kazi yangu."

Andendekisye aliivua kofia yake ya plastiki, akaiandika sentensi hiyo nayo pembeni, kwa mwandiko mdogo ili itoshe. Tekla akampa magimbi ya kula njiani.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Lalamiko la mashamba yote saba lilikuwa limefungwa, kwa kuwa yamo katika skimu moja, na imethibitika kwamba skimu hiyo inazalisha. Anjela aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Tekla alimwambia mpunga ukikomaa watavuna pamoja na kugawana nusu kwa nusu, na Anjela akaitika kwa kichwa.

Mpunga ulipoanza kuwa wa njano, kampuni ilileta wageni kwa basi, wakulima wa skimu nyingine ambako ingechimba baadaye, waione ardhi iliyorudishwa. Walipita chini ya jaruba wameinama, wakauliza mambo ya maana: mbegu gani, palizi mara ngapi, ndege wanafukuzwaje. Mmoja tu, mwanamke aitwaye Alinanuswe, alichuchumaa akashika udongo wa chini. Kisha akatazama mabwawa ya majirani.

"Na kwetu, dada, maji yasipokumbuka?"

Tekla alichuchumaa pembeni yake. "Pima kimo cha ardhi yako kabla hujasaini."

"Nilisaini Ijumaa."

Basi lilipiga honi. Tekla alimfuta Alinanuswe tope vidoleni kwa upindo wa kitenge chake, akamshika mkono, akamsindikiza. Walipita kandokando ya mabwawa, polepole, wakiulizana habari za watoto. Dereva alipiga honi tena, nao hawakuongeza mwendo.