Safari ya Maziwa

Kabla ya mradi wa kukusanya maziwa kuanza kijijini Suma, nilitumwa kuchora ubaoni, pamoja na wafugaji, safari ya maziwa kutoka zizini hadi kituoni. Mchoro huo ndio ungeonyesha pikipiki ya mradi ipite nyumba zipi.

"Ng'ombe gani huyo, mbona kama mbuzi?" Ackson, mmoja wa wafugaji, alimtania jirani yake, Mama Esnath, aliyekuwa akichora. Watu wakacheka.

Mama Esnath hakucheka. Kando ya ng'ombe alikuwa amechora msichana aliyejitwika ndoo.

"Huyu nani, mama?" nikauliza.

"Tupokigwe wangu. Ndiye anayepeleka."

Kicheko kikakatika. Ackson akaninong'oneza kwamba Tupokigwe, binti wa mama huyo, walimzika mwezi uliopita.

Nilitamani kuuacha mchoro ulivyo. Lakini nyumba iliyochorwa na mtu wa kupeleka maziwa, pikipiki haingeipitia, na mama huyu miguu ilikuwa imemvimba. Maziwa yangemharibikia nyumbani. Nikamweleza hayo.

Alichukua kitambaa, akausogelea ubao. Kisha akafuta ndoo tu.

"Ngoja kwanza nimtue mzigo, mwanangu," akasema.

Tukangoja.