Sindano Zenye Uzi

"Vuta polepole, utakata," Rasha alisema, macho yake ya manjano yakifuata uzi. "Tangu utotoni mkono wako wa kupasulia kuni."

"Na mdomo wako ndio pekee haujaugua," mdogo wake, Sheikha, alimjibu.

Wakacheka. Rasha akalishika tumbo lililojaa maji.

Walikuwa nyumbani kwao Mkunazini, wakishona kofia ya vitobo ya Basil, mtoto wa pekee wa Rasha. Nikaha yake ilikuwa imekaribia.

"Daktari kasemaje?"

Sheikha alikuwa ametoka hospitali. Damu zao zilikuwa zimepelekwa nje kupimwa.

"Sote tunao, dada. Ugonjwa wa ini ule ule, aina moja. Huenda ni ule wembe wa bibi."

Bibi yao Mwatum alikuwa akiwachanja migongoni na kuwaumika kwa pembe ili kutoa damu chafu. Wembe mmoja kwa wote, akiuosha kwa maji ya moto na ndimu. Kwake ulikuwa safi.

"Mbona wewe mzima, unakula mpaka ukoko?"

Sheikha aliiweka kofia magotini. "Kasema kuna alama ndani ya damu, mtu huzaliwa nazo. Wanadhani zako ndizo zinazolifanya ini liote makovu upesi. Mimi sinazo."

"Baba mmoja, mama mmoja?"

"Ndivyo nlivyomwambia. Kasema watoto hawarithi sawasawa."

Rasha alipapasa kitobo kwa kidole. "Na dawa?"

"Hapa hakuna. Na ini lako limeshakwenda mbali."

Rasha alinyoosha mkono.

"Basi nipe sindano."

Alijaribu mara tatu, uzi haukupita tunduni. Tangu siku hiyo, kabla ya kwenda sokoni, Sheikha alizitia uzi sindano zote na kuzichomeka kwenye mto wa dada yake. Mwanzo alirudi akakuta nyuzi zote zimekwisha. Baadaye zikaanza kubaki.

"Nkumalizie, dada?"

"Wewe utashonea wajukuu, inshallah. Hii ya mwanangu niachie."

Nikaha ikasogezwa mpaka baada ya arubaini ya Rasha. Basil alitoka kwenda msikitini amevaa kofia yake. Nyuma ya sikio palibaki kipande cheupe, hakina kitobo hata kimoja. Sheikha hakukigusa.

Ndani, godoro lilikuwa limekunjwa. Juu yake ulikuwapo mto, na sindano zimesimama, nyuzi zake zikipeperushwa na upepo wa dirishani.