Diski Iliyoachwa Wazi

Kila jioni, mtoto akishaogeshwa, mama yake aliifuta diski kwa fulana safi ya mtoto. Aliifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha, kama fundi wa diski alivyomwelekeza. Kisha akabonyeza kitufe cha deki, droo ikatoka nusu, naye akaivuta kwa kidole imalizie safari. Deki ile waliinunua ikiwa imeshatumiwa na watu wengine, kwa hiyo ilikuwa na mazoea yake. Ilinguruma, ikakohoa, kisha kioo cha runinga kikawa bluu na majina ya mafaili yakajipanga upande wa kushoto.

Mwanzoni mafaili yalikuwa matatu. Yote yalitoka kwenye simu ya marehemu mumewe, kabla simu yenyewe haijazima moja kwa moja. Katika la kwanza anapaka rangi chumba, mgongo umeielekea kamera. Katika la pili anajaribu beseni la kumwogeshea mtoto ambaye hajazaliwa bado. Amekaa ndani yake, magoti yamegusa kidevu. La tatu ni kidole chake kilichoziba kamera, na sauti inayouliza, "Hii inarekodi?"

Faili la nne lilionekana jioni moja wakiwa wanakula. Mjane alidhani ni deki inakohoa tena, akabonyeza. Marehemu akatokea amekaa juu ya kreti lililopinduliwa, kwenye ua wa nyuma wa kiwanda cha ndoo na mabeseni alikokuwa akifanya kazi. Alivaa ovaroli yake ya kijivu, ile yenye kiraka alichokishona mkewe.

"Hamjambo hapo nyumbani," alisema. Midomo ilitangulia, sauti ikafuata nyuma kidogo.

Mama mzazi wa marehemu, aliyekuwa amempakata mjukuu, alisogeza kiti karibu. "Hatujambo, baba. Ila sauti yako inachelewa." Akamgeukia mkwe wake. "Hata utotoni alichelewa kusema huyu. Watu walishaanza kunipa pole."

Marehemu aliuliza kama mtoto ameota meno, kama paa la jikoni bado linavuja, na nani siku hizi analala upande wake wa kitanda. Mjane alijibu bila kuacha kula. Meno ni mawili, ya chini. Paa linavuja. Upande wa kitanda zinalala nguo zisizopigwa pasi. Faili likaisha, bluu ikarudi.

Jioni iliyofuata kulikuwa na faili la tano, nalo lilianza kwa kicheko. "Hizo nguo zikunje basi, mama mtoto. Mimi nikae wapi?"

Ndivyo walivyozoea. Ukimuuliza leo, anajibu kesho. Mama mkwe alisema kuna waume wazima, wanaolala ndani, wasiojibu hata mwezi ujao.

Mjane alitaka nakala, maana kitu kimoja ni kama jicho moja. Akaipeleka diski kwa fundi aliyeichoma, yule aliyehamishia mafaili ndani yake. Fundi alikuwa mwanamke mcheshi, kibanda chake kimebanwa kati ya kinyozi na muuza vipuri vya baiskeli. Watu walimletea harusi zao kwenye simu, naye akazigeuza zikawa mafaili ambayo deki za majumbani zingekubali kuyameza. Deki, alisema, ni kama mtoto anayechagua chakula: uji ni ule ule, lakini ukimwekea kwenye kikombe asichokijua anafunga mdomo.

Aliiweka diski kwenye kompyuta yake, akatazama, akajikuna shingo.

"Mdogo wangu, hii sikuifunga."

"Hukuifunga vipi, dada?"

"Ukimaliza kuchoma diski unaifunga, ili deki ijue kwamba mambo yameisha. Siku ile umeme ulikatika, huyu kinyozi akawasha jenereta lake la kelele, nikakupa hivyo hivyo. Haikutakiwa hata kucheza."

"Inacheza."

"Naona." Fundi alisogea karibu na kioo. "Huyu si ndiye aliyekuwa ndani ya beseni?"

"Ndiye."

"Amependeza. Kapungua kidogo."

Nakala ilitoka na mafaili yale matatu tu, hata walipojaribu tena. Basi fundi akaigeuza diski na kuiinamisha kwenye mwanga. Sehemu iliyokwisha kuandikwa ilikuwa imekolea, na nje yake, kuelekea ukingoni, ilibaki pete ya rangi nyepesi, upana wake kama kidole.

"Hii ndiyo nafasi yake," alisema. "Nikikufungia leo, diski itacheza kwenye deki yoyote, hata ya rais, lakini hataongeza neno. Ukiiacha wazi ataendelea mpaka pete iishe. Mwambie apunguze porojo."

Mjane aliiacha wazi.

Zilipita jioni kadhaa za meno na paa. Kisha marehemu akauliza, kwa sauti ile inayochelewa, "Na kazini wananisemaje?"

Mama mkwe alitazama dari. Mjane aliweka kando sare ya shule aliyokuwa akiishona, akamwambia. Kwenye geti la kiwanda walikuwa wamebandika picha yake, ile ya kitambulisho, wameikuza ikawa kubwa kama mlango. Chini yake wameandika UZEMBE UNAUA. Yeye hupita pale kila anapokwenda kununua uzi, mtoto mgongoni. Mtoto ameanza kuinyooshea picha kidole na kusema "Ba." Bado hajui kusoma, lakini atajua.

Jibu lilifika kesho yake. "Ile picha niliyofumba jicho moja? Kumbe." Marehemu alisugua kiraka cha ovaroli. "Nitaingia ndani niwaonyeshe ilivyokuwa. Ukipenda."

Wanawake wawili walibaki wakitazama bluu.

"Mwache akae na mwanawe," mama mkwe alisema. "Hao unaotaka wasikie, masikio wanayo ya kuvalia miwani tu."

"Mama, mtoto akue akijua baba yake alikuwa mzembe?"

"Akue akimjua baba yake. Hayo mengine ni maandishi ya ukutani."

"Ukuta wenyewe uko njiani kwetu, mama."

Mjane akaisogelea runinga, akasema, "Waonyeshe."

Faili lililofuata lilikuwa refu kuliko yote. Marehemu alitembea taratibu, akieleza kama anayemfundisha mfanyakazi mgeni. Alionyesha mashine iliyomuua, ya kusagia plastiki chakavu, mdomo wake uko wazi. Alionyesha matundu manne ya skrubu za kifuniko, yamejaa vumbi la siku nyingi. Kisha akavuka kiwanda kizima hadi chumba cha msimamizi, na pale akaonyesha kifuniko cha mashine. Kilikuwa kimelazwa juu ya ndoo mbili, kimetandikwa kitambaa cha maua, na juu yake kuna birika na kikombe.

"Walikitoa kwa sababu kinachelewesha kazi," alisema. "Nilikiomba. Nikaambiwa nisubiri chai iishe." Hakusema kwa hasira. Alirudi hadi kwenye mashine akayaonyesha matundu upya, asije mtu akasema hakuyaona. Alikuwa mwangalifu tangu zamani, na uangalifu unakula nafasi. Mjane alipoiinamisha diski dirishani, pete ilikuwa imebaki kama uzi wa kushonea.

Deki ya ofisini isingeisoma diski isiyofungwa, kwa hiyo walikwenda na deki yao. Mjane aliibeba ndani ya beseni la mtoto, imefungwa shuka. Mama mkwe alibeba nyaya na mtoto.

Meneja alikuwa mtu mpole. Alisimama walipoingia, akampa mama mkwe kiti chenye mto, akamwita msimamizi. Wote walitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pale marehemu aliposema, "Samahani kwa usumbufu, mheshimiwa meneja," meneja aliitikia, "Bila samahani."

Faili lilipoisha alimuuliza msimamizi, "Ile meza ni yako?"

"Ni yangu. Imara kweli."

Meneja alitikisa kichwa kukubali, akamgeukia mjane. "Mama, picha ni safi. Sauti inachelewa, ila inaeleweka. Tatizo ni kwamba marehemu ameingia eneo la mashine wakati si mfanyakazi wetu tena. Na ameingia bila kofia ya kazi. Huo nao ni uzembe. Tukibandua ule wa kwanza, itabidi tubandike huu."

"Amekufa, meneja. Kofia ya nini?"

"Usalama haubagui, mama."

"Na mashine?" mama mkwe aliuliza.

"Mashine ni nzima. Hakuna mtu aliye hai aliyeilalamikia."

Msimamizi aliwasaidia kuchomoa nyaya. Alizikunja vizuri, akawafungulia mlango.

Njiani mama mkwe hakusema "si nilikwambia." Neno alikuwa nalo mdomoni, ilionekana anavyolitafuna, lakini alilimeza. Alichosema ni, "Lete beseni nikupokee." Wakabadilishana, deki kwa mtoto. Mbele kidogo mjane akasema, "Nafasi yake yote nimeimalizia kwa watu wale."

"Hujaimaliza. Pitia kwa yule fundi mwenye maneno mengi."

Fundi aliiinamisha diski, akaitazama kwa jicho moja. Safari hii hakufanya mzaha. "Sikiliza, mdogo wangu. Kinachonenepesha faili ni mtikisiko. Mtu akitembea, akipunga mikono, mwanga ukibadilika, nafasi inaliwa. Akikaa ametulia, nyuma yake ukuta, faili linakuwa jembamba ajabu. Mwambie atulie."

Jioni ile mjane alimpa habari yote, bila kuificha. "Wameona, baba mtoto. Picha bado iko getini. Sasa wewe tulia. Usiseme, usitembee. Kaa nasi tu."

Kesho yake marehemu alikuwa juu ya kreti lake, amelisogeza hadi ukutani, mikono juu ya magoti. Hakusalimu. Mama yake alisalimu kwa niaba yake na kuitikia mwenyewe, "Hamjambo hapo nyumbani. Hatujambo, baba." Mjane alishona. Mtoto alikaa kwenye mkeka akimtazama baba yake, na baba akamtazama mtoto, hata kope akizipiga kwa kubana matumizi.

Zikapita jioni nyingi za namna hiyo. Kiwandani mashine iliendelea kusaga mdomo wazi, na kikombe kiliendelea kupoa juu ya kifuniko. Picha ya getini ilipochujuka kwa jua walibandika nyingine mpya, yenye rangi kali zaidi.

Jioni moja mtoto alipiga chafya kubwa kuliko umri wake. Akajishtua mwenyewe, akaangua kilio, kisha akageuka huku na huko akimtafuta aliyefanya hivyo. Marehemu juu ya kreti hakutikisika.

Kesho yake mjane alikuwa akishona, mtoto kasinzia mapajani mwake, wakati uso wa marehemu ulipoanza kupata shida. Alibana midomo. Alishika magoti kwa nguvu, akatazama juu, akatazama pembeni. Haikusaidia. Tabasamu likamtoka, pana, la meno yote, mabega yakitikisika, na deki ikanguruma kwa uzito wa faili.

"Chafya ya jana imemfikia," mama mkwe alisema.

Mjane aliacha kushona. Alijua ni kiasi gani cha ule uzi wa pete kilikuwa kinaliwa pale, na angeweza kubonyeza kitufe kuisimamisha deki. Badala yake alimwamsha mtoto, akamgeuza uso kwenye kioo ili aone.