Umeme wa Kulala Nao Mtagata

Tangu aanze kuchoma sindano za sukari, Placidia alikuwa hajawahi kulala nje ya nyumba yake ya Nyakahanga. Misiba ya ndugu alikwenda asubuhi akarudi jioni. Harusi za wapwa zake alizisikilizia vigelegele kwenye simu. Insulini hukaa kwenye friji, na mahali pasipo friji, kwake yeye hapakuwa mahali. Kwa hiyo alipomwambia mumewe kwamba anataka kwenda Mtagata, kule Kyerwa, akalale siku kadhaa na kukanda magoti yake kwenye chemchemi za maji moto kama wenzake, Elpidius hakucheka. Alikwenda kutafuta friji ndogo ya gari.

Lakini friji bila umeme ni kabati tu. Fundi Nolasco wa Omurushaka akamweleza njia zilizopo. Kwanza, friji inaweza kuchomekwa kwenye gari lenyewe.

"Betri ya gari ni ya gari!" Elpidius akaruka. Alikuwa ameendesha malori ya kahawa mpaka akastaafu, na asubuhi alizosukuma lori lisilowaka hakuzisahau. "Nikiamka haliwaki, nitambeba mke wangu mgongoni?"

"Basi chukua jenereta ndogo, mzee."

"Watu wamekwenda kupumzika, mimi niwangurumie kama mashine ya kukoboa?"

Ikabaki betri ya pili, ya friji peke yake, inayochajiwa na paneli ya sola juu ya paa. Nolasco akaomba avute na waya kutoka kwenye injini, ili gari likiwaka nalo liisaidie betri hiyo. Elpidius akaukataa waya. Tuseme ukweli, mzee huyu ana kichwa kigumu. Ukimshauri mara mbili anadhani unamdharau. Wakakaa wakapiga hesabu ya friji usiku na mchana, taa moja, na simu zao wawili. Umeme ukatosha na akiba ikabaki. Elpidius akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Mtagata wakaegesha pikapu pembeni mwa msitu, wakafunga turubai nyuma na kutandika godoro, friji ikakaa upande wa miguuni. Watu waliokuja kuoga walikuwa wametapakaa kwenye vibanda na mahema, kila mmoja na mgongo wake au goti lake. Jioni ile Placidia alitoka majini akicheka, anatembea kama aliyevua viatu vinavyobana. Elpidius akafurahi mpaka akashindwa kukaa kimya. Akapita kwa majirani mmoja mmoja akiwaonyesha paneli yake, na namna friji inavyolala na kuamka na baridi ileile. Mwenyewe ndiye aliyejipalia makaa.

Asubuhi akaja mzee Bigirimana, mkulima kutoka upande wa Murongo. Alisimama mbali kidogo, simu imelala kwenye kiganja.

"Imezima, ndugu yangu. Na binti yangu yuko karibu kujifungua."

Ungemjibu nini? Kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, mtu aliyefika kwako haondoki mkono mtupu. Hata kama chakula hakuna, utampa kahawa za kutafuna, chache tu, na ataondoka ameheshimiwa. Simu ya Bigirimana ikachomekwa. Elpidius akateremka kuoga, amemwachia mkewe gari. Katika hesabu yake yote alikuwa ameingiza kila kitu isipokuwa watu. Mnyambo mzima, anasahau wageni!

Siku iliyofuata mawingu yalikaa chini, na kivuli cha miti kikafunika paneli tangu asubuhi. Alasiri Elpidius alipanda kutoka kwenye maji, taulo begani, akasikia kitu kikivuma garini. Friji si hivi inavyovuma, akajiambia, akaongeza mwendo.

Alikuwa Nshimiyimana, kinyozi, aliyeleta mama yake kuoga. Amemkalisha mteja kwenye ndoo iliyopinduliwa na anampitishia mashine kichwani, waya umetoka kwenye betri ya Elpidius. Juu ya godoro simu zilikuwa zimepangwa kama maharage yaliyoanikwa. Katikati yao amekaa Placidia, anagawa kahawa za kutafuna na kuuliza habari za watoto wa watu. Friji ilikuwa kimya, taa yake nyekundu: umeme uliobaki kwenye betri haukutosha tena kuiendesha.

"Mama Restuta! Unataka kufa?" akamfokea mkewe.

Mashine ya kinyozi ikazima. Elpidius akafungua friji, akaingiza mkono kwenye vichupa vya dawa. Baridi ilikuwapo bado, kidogo. Aliogopa siku ile kuliko alivyowahi kuogopa kwenye mteremko wowote na lori limejaa. Akakimbilia usukani, akawasha injini, akavuta waya wa friji mpaka kwenye tundu la kuwashia sigara. Friji ikakohoa, ikaanza kunguruma. Wenye simu walikuwa wamesimama wameinamisha vichwa.

"Fungasha," akamwambia mkewe. "Tunarudi nyumbani."

"Kaa kwanza, Baba Restuta."

"Sikai."

"Basi sikiliza umesimama." Placidia hakupandisha sauti. "Dawa ni yangu, nami nilikosea, ningeitazama. Lakini nyumbani watu wanakuja kumwona mgonjwa. Wananiuliza sukari imefika ngapi, wananionea huruma, wanaondoka. Hata chai wananikataza nisiinuke kuwapikia. Hapa hakuna anayejua ninaumwa nini. Wananiita mwenyeji. Unajua ni lini mara ya mwisho nilimpa mtu kitu, akaniambia asante?"

Elpidius akakumbuka msemo wa wahenga. Mgeni njoo mwenyeji apone. Amelisema neno hili maishani mara ngapi, na hakuwahi kufikiri kwamba mwenyeji anaweza kuwa mgonjwa kweli. Akaona uchungu, maana nyumbani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkataza kuinuka.

"Friji kwanza," akasema mwishowe, akiwageukia watu. "Ikishiba, simu kwa zamu. Mashine ya kunyolea, hapana!"

"Na mimi, mzee?" akauliza mteja, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

Placidia ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikawazunguka wote. Kinyozi akatafuta mkasi. Bigirimana na wenzake wakamwongoza Elpidius kurudisha gari nyuma, mpaka mahali pa wazi ambapo jua likitoka halitazuiwa na mti.

Kesho yake jua likatoka. Elpidius akaweka kiti mbele ya gari, akaketi kulinda betri kama askari wa benki. Hazikupita dakika nyingi akaona mama mmoja anakuja, Kantengwa, aliyeoga na Placidia jana. Akainua mkono kabla hajafika.

"Samahani sana, mama. Asubuhi hii ni friji tu. Simu mpaka mchana."

"Simu sina, baba," akajibu Kantengwa. "Nimemfuata mwenyeji, tuzungumze."

Elpidius akainuka, akampisha kiti.