Wako Ana Walinzi, Wangu Ana Mimi

Mume wangu Orval ana kulungu wake, mimi nina kuvumwani wangu: vijani vya kijivu vilivyoganda kwenye gome la msonobari mmoja tu, bonde zima. Wote wanakwisha. Miaka kumi na moja tunataniana nani atatangulia. Kulungu wake wa milimani wamebaki thelathini na wanane, lakini wana zizi, wana walinzi wa zamu, mbwa mwitu wasiwaguse. Wangu ana mimi tu, humwambia, naye hucheka.

Machi hii jike mmoja mwenye mimba aliletwa zizini akagoma kula. Siku ya nne hata kusimama kulimshinda. Orval naye akaacha kula, mtu mzima na mvi zake! Kulungu hawa hutaka kuvumwani wa aina nyingine, zile ndevu nyeusi zinazoning'inia mitini, nasi huzichuma kwa mkono, gunia baada ya gunia. Mchumaji akikuta mti umesheheni hufunga utepe mwekundu, wenzake wajue pa kwenda.

Adhuhuri Orval alikuja na gunia limejaa, akalifungua mbele ya jike. Akanusa. Akatia mdomo, akala. Machozi yalinilengalenga kwa furaha, hadi nilipoona vijani vya kijivu katikati ya ndevu.

Nilimfokea Orval maneno nisiyoweza kuyarudia hapa. Alisubiri nimalize.

"Mke wangu, mti ulikuwa na utepe mwekundu."

Niliufunga mwenyewe wiki iliyopita. Ule wa buluu, wa kukataza, ulikuwa umeniishia, nikasema aa, mti wangu nani asiyeujua.

Ningeweza kulivuta gunia. Nikamtazama jike, mbavu zinahesabika, mtoto anacheza tumboni. Nikashindwa. Nilipiga magoti kwenye theluji, nikachambua kando ya mdomo wake, pumzi yake ikinipasha vidole, nikaokoa kipande kimoja tu, kama ukucha wa kidole gumba.

Tulikirudisha mtini. Orval alikibana kwenye gome kwa kidole chake kinene, nami nikakifunga kwa uzi niliouchomoa kwenye sweta. Huenda kisishike. Nilijua, nikalia.

"Tupange zamu," akasema. "Asubuhi wewe, mchana mimi."

Nikamwambia kuvumwani haliwi na mbwa mwitu.

"Analiwa na kulungu," akasema, na kidole hakukiondoa.